Chombo Kilichorudi bila Ephraïm

Sylvain alipompigia simu Delphine kumwambia kwamba chombo cha anga kimeshafika makumbusho na kinahitaji kupigwa picha, Delphine alikuwa amesimama jikoni kwa mama yake, mtaa wa Kampemba mjini Lubumbashi, akichambua mchele. Alisikiliza, akakubali, akakata simu. Mama yake alimuuliza ni nani. Akajibu kwamba ni kazi tu, picha za vitu vya zamani. Hakusema ni vitu gani, maana katika nyumba ile neno roketi lilikuwa halitamkwi.

Sababu yake ukoo mzima uliijua. Mama yake Delphine, Mama Ngosa, alikuwa na kaka aliyemtangulia kuzaliwa, Ephraïm, kijana wa miaka ishirini na mitatu. Miaka arobaini na sita iliyopita, huko kaskazini, alipata kazi kwenye kampuni ya wazungu waliozungushia uzio uwanda mzima na kuanza kurusha roketi. Asubuhi moja Ephraïm alikunywa uji, akaenda kazini. Adhuhuri moto ukapanda kutoka kwenye uwanda, watu wakauona hadi ukawa nukta, ukapotea. Ephraïm hakurudi siku ile wala kesho yake. Baada ya juma moja msimamizi alikuja nyumbani na karatasi iliyosema kwamba mfanyakazi ametoroka kazi.

Hakuna aliyeamini karatasi ile. Ephraïm hakuwa mtu wa kutoroka, na mchumba wake alikuwa palepale kijijini akimngoja. Ndipo maneno yakaanza, kwanza kisimani, kisha kanisani: wazungu wamempakia ndani ya ile roketi. Walihitaji mtu wa kujaribia, wakamchukua yeye kwa kuwa alikuwa mwembamba na mtiifu, wakamfungia ndani, wakamrusha. Bibi yake Delphine aliamini hivyo mpaka alipokufa. Mama Ngosa aliamini hivyo alipohamia Lubumbashi, alipoolewa, alipozaa, alipokuwa mjane. Hakuwahi kumfanyia kaka yake kilio. Siku ya kuombea marehemu, majina ya ukoo yaliposomwa kanisani, la Ephraïm halikuwemo.

Delphine alikuwa amekua na mtu huyo juu ya kichwa chake. Alipokuwa mdogo aliogopa kulala chali. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mmoja na studio yake mwenyewe karibu na soko la mtaa wa Kenya, palepale Lubumbashi. Alipiga picha za harusi, za komunyo ya kwanza, za pasipoti. Alikuwa hazungumzi habari za mjomba wake na mtu yeyote.

Makumbusho yenyewe yalikuwa mapya, yamewekwa ndani ya ghala la zamani lenye paa la bati. Sylvain, mkurugenzi wake, alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu, anayependa kueleza. Alisema chombo hicho kilikutwa nyuma ya magunia katika bohari moja iliyokuwa ikivunjwa, kikiwa kimefunikwa turubai, pamoja na sanduku la picha za zamani. Ndicho kichwa cha roketi, alisema, sehemu inayobeba vipimo: kilipanda hadi nje ya hewa, kikarudi kwa mwavuli wa parachuti. Alitaka picha za kila upande, ndani na chini, halafu apigiwe upya na zile picha za sandukuni. Kisha akaenda kwenye mkutano mjini, akamwacha Delphine na mlinzi.

Mlinzi aliitwa Alimasi, mzee mpole mwenye kofia nyeupe ya kufumwa. Kiti chake kilikuwa mlangoni kabisa, mbali na chombo, karibu aketi nje. Delphine alipomuuliza kwa nini hakai kivulini, alijibu kwamba pale panamtosha.

Chombo kilisimama juu ya vyuma vinne, katikati ya ghala. Kilikuwa na umbo la kengele, cheusi kwa kuungua upande wa chini, rangi ya bati chafu upande wa juu. Delphine alikizunguka mara mbili kabla ya kufungua begi la kamera. Alichokuwa amekitarajia hakujua, lakini chombo kilimfika kifuani tu. Mlango wake ulikuwa dirisha dogo la mviringo ambalo mtu angepitisha kichwa na bega moja. Aliinama, akaingiza taa na mkono wenye kamera, akapiga picha za ndani bila kuona, kisha akazitazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera.

Mlikuwa na rafu za chuma, nyaya zilizokatwa, mashimo ya skrubu. Nafasi iliyobaki katikati isingetosha mtoto wa miaka saba. Na kuta za ndani, kuanzia chini hadi nusu, zilikuwa na tope lililokauka, tope la mtoni, lenye nyuzi za mafunjo zilizogandia ndani yake. Alama ya maji ilikuwa imenyooka kama iliyopigwa kwa rula.

Alikaa kitako sakafuni. Hawakumpakia, alijisemea. Hakuna mtu aliyewahi kukaa humu. Alingoja furaha ije, haikuja.

Karibu na saa sita, akiwa bado amekaa pale, chombo kiligonga. Mara tatu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayegonga ndoo kwa kiganja. Kikanyamaza. Kikagonga tena mara tatu. Delphine alimgeukia Alimasi, naye alikuwa ameshasimama nje juani, amewapa mgongo. Baadaye mlinzi alimweleza kwamba hutokea karibu kila siku jua likifika juu ya paa. Mkurugenzi anasema ni chuma kinachopata joto. Huenda ndivyo, alisema Alimasi. Yeye alifanya kazi ya kuchoma vyuma miaka thelathini, hajasikia chuma kinachopumzika katikati.

Zilibaki picha za chini. Delphine alitandika kanga sakafuni, akalala chali, akajisogeza mpaka uso wake ukawa chini ya ule weusi. Sehemu ile ilikuwa imefunikwa kitu kilichoungua kikawa kama makaa, laini, kinachoacha vumbi kwenye kidole. Juu ya makaa yale kulikuwa na mistari. Minne, sambamba, mirefu kama kiganja, pembeni yake mingine minne, na mingine. Alidhani ni alama za kamba. Alipiga picha saba, akatoka haraka kuliko alivyoingia, akajikuta anapangusa mikono kwenye kanga ingawa mikono haikuwa michafu.

Jioni ile alifanya alichodhani ni jema. Alikwenda kwa mama yake, akakaa naye kwenye mkeka, akamwambia ukweli wa kazi aliyokuwa akifanya. Akamwonyesha picha kwenye simu, moja moja: kimo cha chombo, yeye mwenyewe akisimama kando yake, dirisha dogo, rafu za ndani.

“Mama, angalia. Muntu hawezi kuingia humu. Hata mutoto. Habakumupakia yaya yako Ephraïm. Ilikuwa maneno tu.”

Mama Ngosa aliishika simu karibu na uso wake muda mrefu. Alirudi kwenye picha ya kwanza, akaenda mpaka ya mwisho, akarudi tena. Mikono yake ilikuwa imetulia. Kisha akamrudishia mwanawe simu.

“Sasa kama Ephraïm haiko mule,” alisema, “iko wapi?”

Delphine alizima simu. Mama yake alinyanyuka akaingia chumbani, na chakula kilichokuwa kimeshapakuliwa kikapoa. Kesho yake hakula pia. Jirani aliyekuja kumwona alisema amemkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa hospitali. Hapo ndipo Delphine alipoelewa alichokifanya. Kwa miaka arobaini na sita mjomba wake alikuwa mahali. Palikuwa mahali pabaya, pa mbali, lakini palikuwa mahali, na aliyeko mahali hajafa. Yeye alikuwa amemtoa pale kwa picha kumi na mbili, na hakuwa na pengine pa kumweka.

Alirudi makumbusho kumalizia sanduku. Picha zilikuwa kama sitini, nyeupe na nyeusi, nyingi zimeliwa na unyevu: magari, mahema, wazungu wenye kaptula wakicheka. Alizipiga upya moja moja, mbele na nyuma, bila kuzitazama sana. Kwenye picha ya arobaini na kitu alisimama. Wanaume watano walikuwa wamesimama kwenye matope, katikati yao kile chombo, mwavuli wake umelala juu ya mafunjo. Wa pili kutoka kushoto alikuwa kijana mwembamba, kichwa ameinamisha kidogo upande, anacheka mdomo wazi, na kati ya meno yake ya mbele kulikuwa na mwanya uleule alio nao Mama Ngosa, alio nao Delphine.

Aliigeuza. Nyuma mtu alikuwa ameandika tarehe kwa kalamu ya wino, na majina matano. La pili lilikuwa Ephraïm. Tarehe ilikuwa siku tatu baada ya ile asubuhi ya uji.

Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa Kalaba. Delphine alilisoma kwa sauti, na Alimasi aliyekuwa mlangoni akageuka. Alisema kuna mzee wa jina hilo alikuja siku chombo kilipokuwa kikishushwa kwenye lori. Alisimama barabarani, akakitazama, akakataa kuingia hata alipokaribishwa maji. Mzee huyo alisema anakaa mtaa wa Annexe, pembezoni mwa mji, ana bustani za mboga karibu na kijito.

Delphine alimpata siku ya tatu ya kuuliza. Mzee Kalaba alikuwa mrefu, amepinda mgongo, anamwagilia matuta ya lengalenga kwa ndoo iliyotobolewa. Delphine alimwamkia, akajitambulisha kuwa mtoto wa Ngosa, dada yake Ephraïm. Mzee aliiweka ndoo chini taratibu. Alisema alikuwa akimngoja mtu wa ukoo ule tangu ujana wake, na kwamba alikuwa ameanza kutumaini hatakuja.

Walikaa kwenye ukingo wa tuta, naye akasimulia akitazama maji yakipotea ardhini. Roketi iliporushwa, alisema, yeye na Ephraïm na wengine watatu walikuwa tayari kwenye gari pamoja na bosi mmoja mzungu, wanaenda kukifuata kichwa chake kitakapoangukia. Ndiyo sababu Ephraïm hakurudi siku ile. Walikipata ng'ambo ya mto, kwenye kinamasi. Wakapigwa picha. Gari lilikuwa upande wa pili, kwa hiyo walifunga mapipa na mbao, wakakiweka juu, wakamweka Ephraïm na mwenzake mmoja wakishikilie, na wengine wakavuta kamba kutoka ukingoni. Walipokaribia, pipa moja lilichomoka. Mbao zikapinduka. Yule mwenzake aliogelea akatoka. Ephraïm aliingia chini, na chombo kikamfunika.

“Maji ilikuwa ya kifua tu,” alisema Kalaba. “Kama tungekata kamba na kusukuma, angetoka. Lakini mto ungebeba ile mashine. Bosi alisema tuvute mashine kwanza. Shiye tukavuta.”

Alichukua bonge la udongo wa tuta, akalivunja vidoleni.

“Alikuwa anapiga, mutoto yangu. Chini ya ile chuma. Tatu, anapumzika. Tatu, anapumzika. Tulikuwa tunasikia na tunavuta. Kisha ikawa anakwangua tu. Mashine ilifika pa inchi kavu, yeye hakukuwa tena.”

Walimtafuta mpaka giza, na siku mbili zilizofuata. Mto haukumtoa. Bosi aliwaambia karatasi itasema ametoroka, na atakayesema vingine kazi hana. Mwaka uliofuata kampuni ilifunga vitu vyake ikaondoka. Kalaba alikuwa anaijua nyumba ya kina Ephraïm; alikuwa amekula pale. Alifika mpaka kwenye ua mara moja, akamwona mama mtu akitwanga, akageuka. Alipofika Lubumbashi alidhani ameuacha mto kule. Kila anaposikia mtu anagonga mlango, alisema, anahesabu kwanza.

Delphine alirudi mjini nyuma ya pikipiki akiwa amefumba macho. Studio aliifunga, akakaa peke yake na kompyuta, akazifungua picha saba za chini. Ile mistari haikuwa ya kamba. Aliweka kiganja chake juu ya kioo, vidole vikakaa juu ya mistari bila kupungua wala kuzidi, akauondoa mkono kana kwamba umeungua.

Alimweleza Sylvain kila kitu, kesho yake asubuhi, na kumwonyesha. Yule kijana mpenda kueleza alizitazama picha zote saba, moja moja. Aliomba ruhusa ya kuandika majina ya wote watano ukutani, na kuandika kwamba mmoja alikufa mtoni akikileta. Picha za chini alisema ziwe za ukoo. Kama ukoo hautaki zionekane, hazitaonekana. Delphine alizihifadhi mahali ambapo ni yeye tu angezipata.

Delphine alimpelekea mama yake ile picha ya watu watano, ameipanua. Akamwambia kwamba Ephraïm alizama mtoni akiwa kazini, kwamba maji yalikuwa na nguvu, kwamba wenzake walimtafuta siku tatu. Mengine aliyameza. Mama Ngosa hakuwa na picha yoyote ya kaka yake. Huko kwao siku zile nani alipigwa picha? Aliitazama, akapitisha kidole kwenye ule uso unaocheka.

“Amevaa shati ya papa yetu,” alisema. “Tuliitafuta sana ile shati.”

Ndipo akalia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mtu yeyote amjue, na majirani wakaja mbio.

Siku mbili baadaye aliomba apelekwe kukiona. Delphine alijaribu kupanga wafike mapema asubuhi, lakini mama alichelewa kuvaa, akabadili kitambaa cha kichwa mara mbili, gari likakwama njiani, na walipoingia ghalani jua lilikuwa limeshafika juu ya paa. Mama Ngosa alikisogelea chombo bila kusita. Alikiangalia kama anavyoangaliwa mgeni aliyesemwa vibaya kwa miaka mingi. Alizungumza nacho Kiluba, polepole, na Delphine, ambaye Kiluba chake kilikuwa cha kuombea maji tu, alishika maneno mawili matatu: jina la kijiji, jina la baba yao, njoo.

Kisha kikagonga. Mara tatu, kikapumzika.

Alimasi alikuwa ameshafika nje. Delphine alimshika mama yake kiwiko na kumwambia kwa haraka kwamba ni jua, ni chuma kinapata joto, watu wa makumbusho wamesema. Mama Ngosa hakumsikiliza. Alikunja vidole, akagonga na yeye juu ya lile bati chafu, mara tatu, kama mtu aliye ndani anavyomjibu aliye mlangoni. Alingoja. Ghala lote likangoja. Hakikugonga tena.

“Twende,” alisema mama. “Iko bantu ba kuita.”

Kilio kilikaa siku tatu, uani Kampemba, chini ya turubai walilolitoa parokiani. Walikuja watu wa kaskazini waliotawanyika mjini, wengine waliozaliwa baada ya Ephraïm kupotea. Ile picha iliyopanuliwa mpaka ikawa chembechembe iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Padri alisoma jina lake. Wanawake waliimba mpaka sauti zikakauka.

Siku ya pili, alasiri, Delphine alimwona mzee Kalaba amesimama langoni, amevaa koti lililo kubwa kuliko yeye. Hakuwa amemwalika. Alitaka kumfikia kabla hajaingia, lakini mama yake alikuwa ameshamwona, na kutoka alipoketi akauliza ule ni uso wa nani. Watu wakamleta. Alipiga magoti mbele yake kwa shida, mtu mzima vile, akasema jina lake, akasema alikuwepo.

Mama Ngosa alimuuliza Kalaba maneno ya mwisho ya kaka yake yalikuwa yapi.

Kalaba alimtazama Delphine kwa kitambo kifupi tu.

“Hakusema kitu, mama. Maji ilimubeba mbio. Hakupata nafasi ya kusema.”

Mama Ngosa alimwangalia mzee yule usoni, muda mrefu kiasi kwamba watu walianza kujikohoza. Delphine aliona midomo ya mama yake ikifunguka, ikafungika. Kama alijua, hakusema. Alimwambia asimame, matope ya mvua ya jana yatamharibia suruali, akaagiza aletewe kiti na ugali.

Kalaba alikula kwa aibu, kisha, kwa kuwa aliulizwa, akaanza kusema. Alisema Ephraïm alikuwa hajui kupika hata maharage, siku ya zamu yake kambi nzima ililala njaa. Alisema aliweza kumwigiza bosi anavyotembea, tumbo mbele, mpaka siku moja bosi mwenyewe alimkuta akifanya hivyo na akacheka. Alisema alikuwa anahesabu siku za kwenda kumwoa yule msichana, kwa kuchora mistari kwenye nguzo ya hema.

Delphine alikuwa na kamera begani, kwa mazoea. Hakuitoa. Alikaa nyuma ya wanawake na kugundua kwamba, katika miaka yake arobaini na mmoja, hajawahi kumsikia mtu akisema mjomba wake alipenda nini. Mbele yake mama alikuwa ameinama kumsikiliza Kalaba, mkono sikioni, na mwanya wa meno yake ukaonekana kidogo.

“Na yule musichana,” aliuliza, “alikuwa anamuita namna gani, kama beko wao wawili tu?”

Kalaba alijifuta mdomo, akafikiri, akaanza kumweleza.